Kabati la alminiamu na vioo kwa kofia za kizamani: linafaa Dar, ila usilichukue kama linavyouzwa

Kwa wenye haraka naanza na jibu: kabati la alminiamu na vioo la kutengenezesha kwa fundi wa mtaani nalipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana ni kwa sababu ya silikoni na ule ubao wa chini, ntaeleza huko mbele. Wasio na haraka vuteni kiti maana ni ndefu.

Mi nakusanya kofia, na sio kepu za timu wala za mtoko, nakusanya zile kofia za sherehe za vyama vya udugu vya Wamarekani, vile ambavyo wanaume wanaingia kwa kiapo, wana ngazi na vyeo vyao, af siku ya gwaride wanatoka wamependeza mpaka unajiuliza huyu ni mfalme au ni fundi bomba. Tarabushi nyekundu za Shriners, helmeti za Knights of Pythias, makofia ya manyoya ya mbuni ya Knights Templar na Odd Fellows, vikofia vya duara vya Scottish Rite ambapo cheusi ni cha ngazi ya 32 na cheupe cha 33. Najua swali linalofuata na jibu ni hapana, sijajiunga na Freemason, mi ni mwanamke na Freemason wanaofuata Uingereza hawachukui wanawake, na zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme "jiunge Freemason upate utajiri piga namba hii" ni matapeli, msitume hela. Freemason wenyewe Dar wapo kitambo na hawajifichi hivyo, Sir Andy Chande aliyefariki 2017 alikuwa mkubwa wao Afrika Mashariki nzima na alikuwa anaongea hadharani. Ila hata hao huwakuti na kofia kama zangu, wao ni mambo ya aproni, hizi mbwembwe za vichwani ni za Marekani.

Kwa nini kofia? Kwa sababu kila moja ina kesi yake. Chukua tarabushi ya Shriners. Hawa ni Freemason waliotaka sehemu ya kufurahi, hekalu lao la kwanza likaanza New York 1872 wakaliita Mecca, mengine yakaja yakaitwa Medinah, Aleppo, Zuhrah, Al Malaikah, kila kitu kikapewa sura ya Uarabuni, hilali na kitara mbele ya kofia na jina la hekalu limeandikwa kwa nyuzi au kwa vijiwe vinavyong'aa. Uislamu haukuhusika popote, ilikuwa fasheni ya enzi zile tu. Uturuki wenyewe walikuja kuipiga marufuku tarabushi 1925, huku Wamarekani ndo kwanza wanazidi kuivaa kwenye maparedi. Na weusi walikuwa hawapokelewi, wakaanzisha Shriners ya kwao Chicago 1893, weupe wakawapeleka mahakamani wasitumie jina wala nembo wala mavazi, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na 1929 weusi wakashinda. Tarabushi ya upande huo nikiipata siweki shelfu la chini mimi.

Sasa turudi kwenye kabati.

Tatizo la Dar wote mnalijua hata kama hamna kofia. Fungua begi la nguo za baba uliloweka juu ya kabati tangu mwaka juzi uone. Ukungu, harufu, vitobo. Kofia hizi ni sufu, felti, hariri, ngozi ya ndani ya jasho, manyoya ya ndege na nyuzi za madini, yani umekusanya kila kitu ambacho hewa ya bahari na wadudu wanakipenda ukakiweka sehemu moja. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 muda mrefu ukungu unaanza, na hapa kwetu masika hiyo namba tunaipita bila hata kuiaga. Nondo wa nguo hawali kofia wakiwa wakubwa, wanataga, ni watoto wao ndo wanakula, tena wanapenda pale penye jasho la mwenye kofia wa zamani. Af kuna mwanga. Nyekundu ya tarabushi ikipigwa na jua la dirishani inakuwa pinki upande mmoja na haitarudi hata uombe. Makumbusho wakionyesha nguo za hivi wanashusha taa mpaka kama lux 50, hiyo ni kama sebule jioni ya taa moja, sio duka la simu Kariakoo.

Ndo maana nilizunguka kidogo kabla ya kutoa hela.

Keko nilienda kwanza kwa sababu kila mtu atakwambia fanicha ni Keko. Makabati mazuri kweli, mninga umenyooka, unaligusa unasikia thamani ya hela yako. Ila kwa kofia mbao ina mambo yake, inatoa gesi zake taratibu miaka na miaka, na kwenye boksi lililofungwa zile gesi zinakula nyuzi za madini na vibati vya nembo, na hiyo ni mbao ya kweli, ukija kwenye zile MDF na chipbodi zilizogandishwa kwa gundi ndo balaa zaidi. Kabati la mninga weka vyombo vya mama. Maboksi ya plastiki ya Kariakoo yenye vifuniko vya kubana ni mazuri kuhifadhia, kwa sababu unyevu unautawala na nondo hapiti, lakini huoni kitu, na mi sijanunua kofia ya manyoya ya mbuni ili ikae gizani uvunguni kama viazi. Shokesi zilizo tayari, zile za maduka ya simu na vipodozi, ni bei rahisi na zinapatikana haraka ila shelfu zake nyembamba, kina chake sentimita 30 au 35, na zimejaa taa mpaka unapata joto ukisimama mbele.

Kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa alminiamu. Maeneo ya Tabata, na silitaji jina la fremu kwa sababu halina, kuna bango tu la rangi la ALMINIAMU NA VIOO na namba ya simu ambayo tarakimu moja imefutika. Nilibeba na tarabushi moja kwenye mfuko kwa ajili ya vipimo, ile iliyoandikwa MECCA.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili. Kwa heshima kabisa. "Mashallah dada, mzee wako alienda hija mwaka gani?"

Nikamwambia fundi hii sio ya hija, hii ni ya Wamarekani, wengi wakristo, wanaoendesha vigari vidogo kwenye gwaride na kujenga hospitali za watoto. Akaniangalia. Akaiangalia kofia. Akamwita saidia fundi wake aje aione. Basi ikawa kikao, jirani wa kuuza maji akaja, mzee mmoja aliyekuwa anasubiri dirisha lake akasema hii ni tarabushi ya askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, babu yake alikuwa nayo, na kwa umbo hakukosea sana maana KAR nao walivaa tarabushi yenye kishada. Nusu saa nzima hakuna aliyegusa futi kamba. Lakini nilipenda, na ukweli ni kwamba kile kikao ndo kilifanya kazi itoke nzuri, maana fundi akishaelewa kitu kinachoingia kwenye kabati anaacha kukupa kabati la kila mtu.

Vipimo nilivyotoa: urefu mita 1.8, upana mita 1.2, kina sentimita 50. Kina ndo siri. Zile kofia ndefu za Templar na Odd Fellows zinavaliwa ncha moja mbele nyingine nyuma, na ukiongeza manyoya yanayoning'inia zinazidi sentimita 45, ukiweka kwenye shelfu la 35 itabidi uilaze upande na manyoya yanavunjikia kwenye kioo. Fundi alibisha kidogo kwamba kabati la kina hicho litakula sebule. Linakula kweli, sofa la mtu mmoja limehamia chumbani, ila ndo hivyo. Shelfu nikataka za kioo cha milimita 6 zinazohamishika juu chini kwa vishikizo, kwa sababu tarabushi ni fupi na helmeti ya Pythias yenye ncha na shungi juu ni ndefu, ukifunga shelfu moja kwa moja umejifunga mwenyewe. Milango ya kusukuma pembeni nilikataa, ina upenyo katikati, nikataka ya bawaba yenye ule mpira mweusi wa madirisha pembeni na kufuli. Hapo alinielewa mara moja, akasema "unataka lisiingize hata mbu". Hata mbu.

Bei ya kuanzia ilikuwa ya kunipima akili, tukashushana mpaka laki sita na ushee, advansi nusu. Duka la simu ungepata shokesi mbili kwa hiyo hela, najua. Muda alisema wiki, ikawa zaidi ya wiki, visingizio ni vile vile vya umeme na kioo hakijaja, sitawachosha. Wakati linatengenezwa nilikuwa napita pita kumuona, na nawashauri mpite, kuna siku nilikuta shelfu zimekatwa bila kusagwa kingo, ukipitisha mkono unajikata, alisaga palepale bila maneno.

Sasa zile lawama.

Silikoni. Ile ya kawaida ya mafundi wote, bei rahisi, ukiifungua inanuka kama siki. Hiyo harufu ni asidi ya aseti na inatoka kadiri silikoni inavyokauka, na asidi hiyo ni adui wa shaba, risasi na nyuzi za dhahabu za kizamani ambazo ukweli wake ni shaba iliyopakwa. Kuna silikoni nyingine isiyotoa asidi, imeandikwa kwenye tyubu kwamba ni neutral, nilimwomba na nikamwambia ntalipia tofauti, siku ya kuchukua nafungua mlango pua ikaniambia kila kitu. Alikiri alikuwa amebakiwa na tyubu za zamani akazimalizia kwangu. Fundi mzuri, mkono safi, ila hapo alinikwaza. Kilichosaidia ni kuliacha kabati wazi, milango yote, feni ikiwa imewashwa, bila kofia hata moja, mpaka ile harufu ilipokwisha kabisa, na ilichukua wiki kadhaa. Majirani walikuwa wanaona kabati tupu wanadhani nafungua duka.

Ubao wa mgongoni na wa chini nao. Walikuwa wanaweka MDF nyeupe kwa kawaida yao, nikasema sitaki, wekeni zile shiti za alminiamu wanazovalishia magorofa na mabango. Zikawekwa, nzuri mno, nyepesi, hazitoi kitu. Lakini msingi wa chini nilipogeuza siku ya kulipakia nikakuta MDF ile ile wameificha chini ya stika nyeupe. Nikabandika kipande cha shiti juu yake mwenyewe. Ndo nyota yenu hiyo imeondoka.

Taa. Kila fundi atataka kukuwekea taa za utepe kila shelfu, na zinavutia kweli usiku, ila nimeweka utepe mmoja tu juu, wa rangi ya joto, na adapta nimeitoa nje ya kabati kwa sababu adapta ndo inayochemka. Inawaka mgeni akija, akiondoka nazima. Kabati lenyewe limekaa ukuta usiopigwa na jua, na kioo cha dirisha linaloangaliana nalo nimewaita vijana wa tinti za magari wakaweka ile isiyo na rangi inayozuia UV, ile miale ya jua inayopausha rangi. Walishangaa tinti isiyo na weusi ni ya nini. Walipakua, walibandika, walienda.

Kusafirisha: kirikuu. Kabati limesimama, limefungwa na magodoro mawili, mimi mbele na dereva, saidia fundi nyuma amelikumbatia. Barabara ya Mandela kwenye matuta sikuangalia nyuma. Hakuna kilichovunjika. Kwenye hilo nyota tano.

Baada ya masika moja sasa naweza kuongea. Nina vimita viwili vidogo vya kupima joto na unyevu, vya betri, kimoja ndani kimoja nje. Nje kilikuwa kinasoma themanini na kitu siku za mvua, ndani nimekishikilia kwenye hamsini na kitu mpaka sitini. Kazi hiyo haifanywi na kabati peke yake, kabati linachofanya ni kufunga mlango tu, kazi ni ya silika jeli, zile chembe za kwenye vifuko vya viatu vipya, ila unanunua kwa kilo sio kwa kifuko. Chukua zile za rangi ya chungwa ambazo zikishiba maji zinabadilika rangi, za bluu achana nazo zina kemikali ya kobalti sio nzuri kwa afya. Zikishiba unaziweka kwenye oveni kama nyuzi 120 masaa kadhaa zinarudi kazini. Mpira wa mlango umeshika vizuri, kama usingeshika ningekuwa naoka jeli kila siku.

Nondo hawajaingia. Ila hapa kuna kazi inafanyika kabla ya kofia kuingia kabatini, na hii hata kama hununui kabati ichukue. Kila kofia mpya inaenda friza kwanza. Unaifunga kwenye mfuko wa plastiki, unatoa hewa, unafunga mwingine juu yake, friza iwe kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, wiki mbili, ukiitoa usifungue mfuko mpaka irudi kwenye joto la chumba, la sivyo itatoka jasho. Mama yangu alifungua friza kutafuta kibua akakuta kofia ya manyoya. Hatukuongea siku hiyo. Vidonge vya naftalini msiweke kwenye kabati la kioo lililobana, harufu inajaa, inadhuru nyinyi na inalainisha baadhi ya plastiki.

Za kusimamishia kofia nimetumia vichwa vya mawigi, vile vyeupe vya foam wanavyouza maduka ya saluni Kariakoo, nikavivika bafta nyeupe iliyofuliwa mara kadhaa bila nili. Vinafaa vikofia vya Scottish Rite. Tarabushi hazikai vizuri kwenye kichwa cha wigi kwa sababu ni bapa juu, nimezungushia silinda ya karatasi ngumu ndani nikavika bafta, inashikilia kuta bila kusukuma juu. Msijaze sponji ya godoro ndani ya kofia jamani. Sponji ile ikizeeka inakuwa unga wa njano unaonata na hautoki kwenye felti. Na kofia za felti ya manyoya ya sungura za kabla ya vita vya pili shikeni kwa glavu, viwanda vya kofia Marekani vilikuwa vinatumia zebaki kutengeneza felti mpaka ilipozuiwa mwishoni mwa 1941, kwa hiyo ule mchezo wa kumvika mtoto upige picha, hapana. Ndo maana nilitaka kufuli.

Kuhusu zinakopatikana, watu wananiuliza sana. Nyingi nanunua mtandaoni Marekani, wajukuu wanauza vitu vya babu, na nauli ya kuzileta mara nyingi inazidi kofia. Mitumba ya Karume nako hutokea, belo la kofia likifunguliwa asubuhi wauzaji wanagombania kepu, tarabushi inatupwa pembeni kama ya maigizo, hapo ndo unaokota kwa bei ya soksi. Ndani angalia lebo ya kiwanda. M.C. Lilley wa Columbus Ohio, Pettibone wa Cincinnati, DeMoulin wa Greenville Illinois. Hao DeMoulin, tangu 1892, mbali na mavazi walikuwa wanawatengenezea hivi vyama mbuzi wa kuendesha, mwanachama mpya anafungwa macho anapandishwa mbuzi wa bandia mwenye magurudumu anarushwa rushwa watu wanacheka. Tukikaa vijiweni tunahadithiana mambo ya kutisha ya Freemason na mbuzi, kumbe mbuzi alikuwepo kweli, ana tairi.

Wageni. Kabati limebadilisha sebule, hilo nikubali, mtu haangalii tena tv. Mama mdogo alikuja, mkatoliki wa jumuiya kila Jumamosi, akasimama mbele ya ile kofia kubwa nyeusi ya manyoya yenye nembo ya njiwa na msalaba na dunia, akapiga ishara ya msalaba, akaniambia mwanangu haya mambo ya kishetani yatoe ndani, utatuletea mikosi. Nikamwambia mama mdogo, hiyo ni ya Knights of Columbus, chama cha wakatoliki watupu, kimeanzishwa na padri, Padri Michael McGivney, 1882, kusaidia wajane na yatima, na Freemason kanisa limewakataza waumini tangu 1738, kwa hiyo hii ndo kofia pekee humu ndani ambayo hata Papa hana neno nayo. Wao wenyewe waliiacha 2017 wakahamia bereti, wazee wengine walinuna kweli. Akakaa kimya, akauliza tu kama bereti ninayo. Sina mama mdogo, bereti hazinivutii.

Babu wa jirani yeye alikuja na lingine kabisa. Alisema haya mambo ya vyeo na mavazi sisi tulikuwa nayo, akaanza habari za ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vyama vilivyoshindana pwani yote mpaka bara, vina wafalme wao na majenerali wao na yunifomu zao na bendi, wakizikana na kusaidiana. Ni sawa kabisa alivyosema, ni udugu ule ule, tofauti ni kwamba kofia zao hakuna aliyeziwekea kabati. Nimemwambia akisikia nyumba yoyote ina kofia ya beni mvunguni aniite usiku wa manane nakuja. Shelfu ya katikati iko tupu makusudi.

Nani anunue kabati hili: mwenye kofia za viua za babu zilizoshonwa kwa mkono, mwenye joho, mwenye kofia ya mzee ya jeshi au ya skauti, bendi za brasi, vikundi vya kwaya vyenye mavazi ya zamani. Nani asinunue: mwenye kofia tatu tu, chukua boksi la plastiki na silika jeli, hela iliyobaki kula. Na mwenye dirisha kubwa la magharibi bila pazia, tatua dirisha kwanza.

Ukienda kwa fundi, mwandikie kwenye karatasi na muweke sahihi wote: silikoni ya neutral, mgongo na chini visiwe MDF, kioo cha shelfu milimita 6 kingo zimesagwa, milango ya bawaba yenye mpira, adapta nje. Baki na robo ya hela mpaka uingize pua ndani ya kabati unuse mwenyewe. Likinuka siki, hiyo robo ndo bei ya kuleta tyubu mpya na kurudia.